Boksi la vitu vinne kwa kochi la nubuki: kitambaa kimeniokoa, krimu imeniponza

Nimetoa nyota tatu. Zingekuwa tano kama waliopanga boksi hili la kusafishia na kutunzia kochi wangeacha kitu kimoja nje yake, na nitakitaja.

Kochi langu ni la watu watatu, rangi ya ngamia, ngozi ya kusuguliwa iitwayo nubuki, ile ambayo ukipitisha kiganja rangi inakolea na ukikirudisha inapauka. Lina miaka minne. Mwaka wa kwanza tulilikalia kwa adabu. Baadaye kila mtu akajipatia kona, na baba watoto akachukua ya kulia, kila jioni kichwa palepale. Taratibu pakatokea doa la ukubwa wa sahani, jeusijeusi, linang'aa, ukiligusa linateleza kama mpini wa jembe kuukuu. Mkono wa kochi upande huohuo nao ukafuata. Ni mafuta ya nywele na jasho la viganja, hakuna uchawi hapo.

Kabla ya boksi hili nilikuwa nimeshajaribu ya kwangu, na sina wa kumlaumu. Nilichukua sabuni ya kipande na kitambaa chenye maji nikasugua katikati ya doa. Kilichotokea: doa likabaki, na kulizunguka pakachoreka mstari kama ule unaoachwa ukutani na maji ya mvua. Sabuni ya kipande ina magadi, pH yake hufika 9 au 10, wakati ngozi iliyotengenezwa kiwandani ina uchachu, takriban 3.5 hadi 5. Ukiisugua kwa sabuni mara kwa mara inakauka na kukakamaa. Haya niliyajua baada ya kuharibu.

Jambo jingine nililochelewa kulijua ni kwamba siyo kila kochi la ngozi ni ngozi ileile. Nubuki na suedi huchanganywa hata na wauzaji. Nubuki ni upande wa nje, ule uliokuwa na nywele za mnyama, ukapigwa msasa hadi ukaota malaika mafupi, yaani vinyuzi laini. Suedi hutoka upande wa ndani, na malaika yake ni marefu na yamekwaruzana zaidi. Makochi mengi ya ngozi nyororo yamepakwa tabaka la rangi na kinga juu, kwa hiyo uchafu unabaki nje na kitambaa chenye unyevu kinautoa. Nubuki haina blanketi hilo. Vinyweleo viko wazi, kila kinachoigusa kinazama. Kama huna uhakika na la kwako, dondosha tone moja la maji mahali pa mafichoni. Kwenye kiti changu cha kusomea, ambacho ni cha ngozi nyororo, tone lilikaa juu kama umande kwenye jani la mjimbi. Kwenye kochi, kabla sijahesabu kumi, lilishanywewa na pakawa peusi. Lilipokauka weusi ukaondoka.

Sasa boksi. Ndani mna kitambaa cha kusugulia, chupa ya povu pamoja na sponji, chupa ya kupuliza kinga, na kopo la krimu. Brashi hamna, na hilo ni kosa, maana bila brashi nusu ya kazi haifanyiki. Bahati nzuri nilikuwa na ya viatu vya suedi.

Krimu ndiyo ninayoilalamikia. Kopo limeandikwa kwamba linafaa ngozi za aina zote, na kwenye karatasi ya maelekezo picha yake ndiyo ya kwanza. Nikafanya inavyotakiwa, nikaijaribu nyuma ya mto, kipande kama sarafu. Pakawa peusi. Karatasi ikasema rangi hurudi ikikauka. Asubuhi nikaona pamepauka kidogo (nadhani niliona nilichotaka kuona) nikapaka mkono wote wa kushoto, ule ambao haukuwa na tatizo lolote. Malaika yakalala yote. Mkono ukawa na rangi ya kahawa na ukawa unanata kidogo. Siku tatu baadaye ulikuwa vilevile. Krimu za kulainisha zina mafuta na nta, na zimekusudiwa ngozi nyororo. Kwenye nubuki, mafuta ni doa tu lililopakwa kwa hiari ya mwenye kochi. Nilinyunyiza poda nyeupe isiyo na manukato, nene kama ya kufunika, nikaiacha usiku kucha, asubuhi nikaipiga brashi na kunyunyiza nyingine. Usiku wa kwanza poda iliamka ikiwa ya njano. Usiku wa tatu ilibaki nyeupe. Rangi imerudi kwa sehemu kubwa, lakini kwenye mwanga wa dirisha bado ninaona mikono miwili ya kochi moja yenye umri tofauti.

Nilibaki na boksi wiki mbili bila kuligusa kwa hasira.

Kitambaa nilikuwa nimekidharau. Ni kipande cha ukubwa wa kiganja, kikavu, ukikigusa kinakwaruza kama ulimi wa paka. Kina chembechembe ndogo za msasa upande mmoja. Nilianza pembeni ya lile doa la kichwa, bila maji, bila dawa, kwa mkono mwepesi, mipigo mifupi kuelekea upande mmoja. Mara ya tano kitambaa kikawa na tope la kijivu. Nikakikunja upande safi, nikaendelea. Baada ya dakika kama ishirini ile ngozi iliyokuwa inateleza ilikuwa na malaika tena, na ukipitisha kidole kinaacha alama. Utando uliokuwa juu ulikuwa mafuta yaliyoshikana na vumbi, na kitambaa kiliupasua. Weusi haukuisha wote, kwa kuwa mafuta ya miaka mitatu yameshuka chini, lakini kwa anayeingia sebuleni doa halionekani mpaka aonyeshwe.

Angalizo moja kubwa: kitambaa hiki kinaondoa ngozi. Kidogo sana, lakini kinaondoa, na rangi nayo. Ukikaa sehemu moja ukisugua kwa hamu utapata kiraka chekundu-pauka mahali pa kiraka cheusi. Sugua, simama, rudi nyuma hatua mbili, tazama. Na kisikaribie kamwe ngozi nyororo, kitaichana tabaka la juu. Paka wetu alikuwa amechora mistari mitatu ya kucha kwenye mto wa katikati, na hiyo ilitoweka kwa mipigo michache. Mwanangu alipitisha kalamu ya wino siku hiyohiyo, nusu ya mstari ikatoka, nusu ipo. Sikuthubutu kupaka spiriti, maana inayeyusha wino na rangi ya ngozi kwa pamoja, na mstari unageuka ziwa.

Povu ni la wastani. Linafanya kazi kwa vumbi na jasho jepesi, kwa mafuta hapana. Kanuni nilizojifunza kwa gharama ya ule mstari wa sabuni: povu liwekwe kwenye sponji, siyo kwenye kochi, sponji ilowekwe kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya betri, kwa sababu maji ya bomba yana chumvi zinazobaki juu yakikauka, na usisafishe doa peke yake. Safisha kipande kizima kutoka mshono hadi mshono, kwa unyevu unaolingana. Mstari hutokea mahali ambapo pabichi panakutana na pakavu, sasa ukiupeleka mpaka kwenye mshono hauna pa kuonekana. Ukimaliza, liache kochi likauke lenyewe mbali na jua na hita. Mimi nililiacha hadi kesho yake. Linakauka likiwa gumu kidogo na la kutisha, usiogope, brashi inalirudisha. Mama mkwe alishauri kikaushia nywele. Nilimwambia asante mama, nikakificha.

Chupa ya kinga ndiyo iliyonifanya nisilirudishe boksi. Unapuliza kutoka umbali wa sentimita 25 hivi, ukungu mwembamba, unasubiri ukauke, unapuliza tena. Dirisha liwe wazi, harufu yake inakaa kichwani. Mara ya kwanza nilisogea karibu mno na matone makubwa yakaacha vidoa kama mvua ya kwanza kwenye vumbi, vikatoka kwa brashi. Niliacha kochi saa 24 bila mtu. Kisha nikadondosha tone la maji kama la mwanzo. Safari hii likakaa juu, likasubiri, nikalifyonza kwa tishu. Ukiliacha linaingia hatimaye, kwa hiyo kinga inakupa dakika za kukimbilia kitambaa tu. Na haizuii kichwa. Maji yanakataliwa, lakini mafuta yanayosukumwa kwa uzito wa kichwa saa mbili kila jioni yanapita. Miezi mitano imepita sasa, sehemu za kukalia zimeanza kunywa maji tena, egemeo bado. Nitapuliza upya.

Kwa kila wiki sihitaji chochote cha boksi hili. Mashine ya kufyonza vumbi yenye kichwa cha brashi laini, kisha brashi ya mkono kuelekea upande mmoja. Kochi nimelivuta kutoka dirishani pia, kwa kuwa nubuki hupauka juani haraka kuliko ngozi iliyopakwa rangi juu. Nilipoinua mto niliona rangi ambayo sikuikumbuka.

Je, ningelinunua tena? Kitambaa na kinga, ndiyo, kama vingeuzwa peke yake. Povu lipo tu. Krimu haijapotea bure, begi langu la ngozi nyororo limeipenda sana. Baba watoto bado ana kona yake, ila sasa ametandikiwa kitambaa cha pamba kwenye egemeo na kinafuliwa kila wiki. Anasema kinamwasha shingo. Nimemwambia atazoea.