Kinga ya Kompyuta Dhidi ya Radi na Msukosuko wa Stima: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Kila masika yanapoanza Nairobi, malalamiko yanayonifikia huwa ya aina moja: kompyuta imeungua ilhali ilikuwa imechomekwa kwenye kinga, na taa nyekundu ya kinga hiyo ingali inawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa hiyo sitajadili urefu wa waya, idadi ya matundu wala tarakimu za joule (kipimo cha nishati ambayo kinga inaweza kuimeza) zilizochapishwa kwenye boksi. Swali langu kwa kila bidhaa ni moja: ikishakufa, mwenye nyumba atajuaje?

Ndani ya kinga nyingi mna varista, kidude bapa mithili ya kifungo cha koti, ambacho volti zikipanda ghafla huzichepusha zisifike kwenye kompyuta. Kila pigo hukila kidogo, na hatimaye hakibaki na nguvu ya kukinga chochote. Ubaya ni kwamba kinga nyingi huendelea kupitisha stima kama kawaida hata baada ya varista kwisha, na zile joule ulizolipia zilikuwa kipimo cha siku ilipotoka kiwandani.

Nafasi ya kwanza naipa APC SurgeArrest, na upendeleo wangu siufichi. Sehemu yake ya kukinga ikiharibika, hukata umeme kabisa. Wapo wanaoona huo ni usumbufu; mimi ndio ninaoulipia shilingi elfu kadhaa. Sharti ni moja: soketi iwe na waya wa ardhi uliounganishwa kweli na ardhi, kwa sababu nyumba za kupanga zenye soketi za matundu matatu na tundu la ardhi lisilounganishwa popote si chache, na hapo umeme wa ziada uliokusudiwa kuelekezwa ardhini hukosa pa kwenda. Mwite fundi aipime soketi kabla hujaenda dukani.

Ya pili ni Voltshield AVS ya Sollatek, ambayo hukabili hatari tofauti. Waya wa nyutro, yaani ule wa kurudisha umeme, ukikatika kwenye nguzo, nyumba iliyozoea volti 240 inaweza kupata volti zinazokaribia 415, tena kwa dakika nzima, na varista haikuundwa kustahimili hali hiyo, itaungua. AVS hukata stima volti zinapovuka mpaka, juu au chini, kisha husubiri zitulie kabla ya kurudisha. Ikiwa balbu zako hung'aa kupita kiasi na kufifia jioni ileile, ipandishe hadi ya kwanza.

UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kuilisha kompyuta stima ikikatika, hasa APC Back-UPS yenye AVR (kirekebisha volti), nimeiweka ya tatu kwa sababu ya betri. Betri hiyo ya risasi na asidi kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra sana. Kwa kompyuta ya mezani inafaa. Kompyuta ya mkononi ina betri yake tayari.

Ekstensheni za mia tano zinazoitwa kinga hazistahili nafasi. Moja niliifungua kwa bisibisi nikakuta vipande vya shaba, swichi, na kijitaa kilichounganishwa na nyaya za umeme kupitia rezista. Varista haikuwemo kabisa, kwa hiyo taa ile ingewaka maadamu stima ipo.

Na hapo ndipo wauzaji wanaponiudhi. Zunguka maduka ya umeme ya barabara ya Luthuli, Nairobi, ukiuliza kama ekstensheni fulani ina kinga, utajibiwa ndiyo kaunta baada ya kaunta, hata kabla muuzaji hajaigeuza asome maandishi ya nyuma. Bei nayo hutegemea uso wa mteja, na risiti, ukifanikiwa kupewa, imepigwa muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Anayeuza kitu ambacho kasoro yake huonekana siku ya radi pekee amejipatia muhuri unaomfaa sana.

Radi ikipiga nyumba yenyewe au nguzo ya karibu, hakuna kati ya hizi itakayoizuia. Ngurumo zikianza kusikika, chomoa plagi ukutani, kisha uchomoe na waya wa mtandao unaotoka kwenye ruta. Nyuzi za faiba hazipitishi umeme, lakini adapta ya ruta imechomekwa ukutani, na waya unaotoka hapo hadi kwenye kompyuta ni wa shaba.