Django and Jimmie: wazee wawili na gitaa lenye tundu

Sisi wa Kericho tuna historia na mmoja wa hao wawili waliotajwa kwenye jina la albamu hii ya Willie Nelson na Merle Haggard, waimbaji wa kantri wa Marekani. Django ni Django Reinhardt, mpiga gitaa ambaye Willie Nelson anamhusudu. Jimmie ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Mississippi, aliyeikunja sauti kooni mpaka ikalia kama ndege. Sahani zake zilifika kwetu enzi za gramafoni, na mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Kiafrika, akawarekodi wasichana wa Kipsigis kule Kapkatet wakimwimba Chemirocha. Ndiye huyo huyo Jimmie Rodgers, ila ameshageuka nusu mtu nusu mnyama! Kwa hiyo nilipoiona albamu hii, sikuhitaji kubembelezwa.

Ilitoka Juni 2015, nyimbo 14, Willie akiwa na miaka 82 na Merle 78. Hawa ndio vichwa ngumu wa kantri. Willie aliichoka Nashville, mji wa studio za kantri, na mabosi wake, akarudi kwao Texas kufuga nywele. Merle naye alikuwa mfungwa katika gereza la San Quentin siku mwimbaji Johnny Cash alipokwenda kuwaimbia wafungwa.

Sauti ya Merle hapa imeingia mchanga. Willie bado hana haraka: anauanza mstari mdundo ukishapita, kama mzee anayevuka barabara akijua magari yatamsubiri. Tafadhali msisikilize kwa spika ya simu. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza nikaona ni ya kawaida tu. Nilipovaa spika za masikioni ndipo nikalisikia Trigger, gitaa la Willie lililotoboka ubao kwa kuchapwa miaka mingi. Linalia kikavu, karibu na sikio kabisa.

Wimbo ulionishika ni Family Bible. Willie aliutunga akiwa kijana mwenye njaa, akauuza kwa dola 50, na jina lake halikuwekwa. Humu anauimba Merle, naye Willie anauimba wimbo wa Merle, Somewhere Between. Kwenye Missing Ol' Johnny Cash anaongezeka mwimbaji mwenzao Bobby Bare, na watatu hao wanamsema marehemu kwa mapenzi, vile wazee husemana matangani chakula kikishaliwa.

Kasoro zipo. Alice in Hulaland ningeuacha studio. Ule wa bangi unachekesha mara moja, mara ya tatu unauruka. Nimeipa nne kwa tano.

Jioni moja nilimwekea baba wimbo unaobeba jina la albamu. Akageuza sikio lake zima.

"Huyu anaimba kama anaongea na ng'ombe," akasema. Kwake hiyo ni sifa.

Nikamwambia wa pili, Merle, alifariki tarehe 6 Aprili 2016, siku aliyotimiza miaka 79.

"Na Chemirocha mwenyewe yuko wapi humo?"

"Hayumo, baba. Wanamtaja tu. Alikufa Mei 1933, Willie hajatimiza hata mwezi tangu azaliwe."

Akanyamaza, akamalizia chai yake.

"Basi rudisha ule wa dola hamsini."