Spika za milango za inchi 6.5: ipi inafaa kwa gari lenye redio tu?

Kama gari lako lina redio peke yake, bila amplifaya, nunua koaksio, yaani spika ambayo twita yake (kispika kidogo cha sauti nyembamba) imekaa katikati ya koni, kisha hela inayobaki imalizie kwenye bati la mlango. Seti ya komponenti, ambayo twita yake hufungwa mbali na spika na kuna kiboksi cha kugawa sauti, ni bora zaidi, hilo halina ubishi. Lakini ubora wake unalala mpaka upate amplifaya na fundi asiye na haraka, na hapa Dodoma fundi asiye na haraka ni wa kutafuta.

Tuanze na namba za kwenye boksi, maana ndizo zinazouza. Pioneer TS-G1620F, koaksio inayowakilisha vizuri kundi hili, ina 300W kwa maandishi makubwa na 40W kwa madogo. Ile 300 ni kilele cha kufumba na kufumbua. 40 ndiyo mzigo inaoubeba saa zote. Redio nayo imeandikwa 50W x 4 usoni. Injini ikiwaka umeme wa gari uko kwenye volti 14.4 hivi, na kwa volti hizo chipu ya ndani ya redio huipa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) wati 18 hadi 22 tu za sauti safi. Ukiongeza volyumu kupita hapo, redio inaanza kukata vichwa vya mawimbi ya sauti, na sauti iliyokatwa hivyo ndiyo inayounguza twita, hata boksi liwe limeandika wati elfu.

Namba ya kutafuta ni ile ya dB (desibeli), inayoonyesha spika inalia kwa ukubwa gani ikipewa wati 1 na ukipima mita 1 mbele yake. Tofauti ya dB 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya redio mara mbili: spika ya dB 92 kwa wati 10 inalia sawasawa na ya dB 89 kwa wati 20. Komponenti nyingi hukwama hapa. Koni zake ni nzito, kiboksi nacho kinakula kidogo, na redio tupu inabaki inasukuma jiwe. Mwenye gari anaongeza volyumu mpaka mwisho, halafu analaumu spika.

Dukani, iwe Majengo au Kariakoo kwa mzigo unaotumwa na basi, omba spika itolewe kwenye boksi na uje na mita yako ya kupima omu. Spika ya omu 4 iliyo hai husoma kati ya 3.2 na 3.8. Ikisoma 1 na kitu, iache. Ikikaa kimya kabisa, koili imekatika. Kisha weka vidole vya mikono miwili kuzunguka koni na uisukume ndani taratibu, pande zote kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo kama msasa, koili imepinda au gundi imemwagikia kwenye sumaku. Angalia mpira wa pembeni pia: uwe mpira kweli. Wa sponji hauna maisha kwenye gari linaloshinda juani kutwa nzima kwenye maegesho ya Mtumba. Jua la kiangazi linaukausha, na siku moja unavunjika vipande kama mkate mkavu. Majina makubwa yanaigwa sana, kwa hiyo usihukumu kwa stika. Sumaku nyepesi yenye kava kubwa la plastiki nyuma yake ni dalili mbaya kuliko kosa la herufi kwenye boksi.

Kabla ya kulipa, pima kina. Shusha kioo cha mlango mpaka chini kabisa, kisha pima kutoka pale spika inapokaa hadi kwenye kioo. Spika nyingi za inchi 6.5 zinahitaji milimita 45 hadi 65. Kikipungua, kioo kinagonga sumaku na mota ya dirisha inaanza kulalamika. Dawa ni ringi ya kuinua spika kwenda ndani ya gari, ila nayo isizidi, kwa sababu kava la mlango litakuja kugusa mpira wa spika na utasikia mlio wa nyuki kila besi ikipiga. Ringi ya plastiki ngumu ndiyo ya kuchagua. Ya MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, hunywa maji na kuvimba kama andazi. Ikibidi kuitumia, ipakwe vanishi mara mbili au tatu, hasa kwenye kingo na ndani ya matundu ya skrubu.

Kwenye Toyota ndogo nyingi spika ya kiwandani ni kipande kimoja na fremu yake ya plastiki, na mara nyingi imeshikwa kwa ripiti badala ya skrubu. Fundi anayeing'oa kwa bisibisi na nyundo anapindisha bati, na bati lililopinda halikai tena na spika mpya bila kuacha upenyo. Ripiti hutobolewa kichwa kwa drili, chuma kilichobaki kinasukumwa ndani, na unga wote unafagiliwa, kwa kuwa sumaku ya spika mpya itauvuta. Wengine huikata fremu ya zamani na kuigeuza ringi. Inafaa, mradi iwe nzima na ikae bila kucheza.

Kufungua mlango hakuna siri. Toa waya hasi wa betri. Tafuta skrubu mbili zinazojificha, moja nyuma ya kishikio cha kufungulia, nyingine ndani ya sehemu ya kuvutia mlango. Anza kuvuta kava kutoka pembe ya chini kwa kijiti cha plastiki, klipu moja baada ya nyingine, kisha linyanyue kwenda juu ili litoke kwenye ukingo wa kioo. Usilivute kwa hasira, bado limeshikwa na soketi ya swichi za vioo na kebo ya loki. Kuwa na klipu kumi za akiba, maana za zamani zimekauka na mbili tatu lazima zivunjike. Klipu moja isiporudishwa, barabara ya rasta itakukumbusha kila siku.

Nyuma ya kava kuna nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Hapa ndipo kazi nyingi za mitaani zinapoharibikia. Maji ya mvua huingia mlangoni kupitia kwenye kioo, hilo ni la kawaida na mlango umetengenezwa hivyo: yanateremka ndani ya bati na kutokea kwenye matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije upande wa abiria. Fundi akiichana ili afikie spika haraka na asiirudishe, kiangazi chote hutaona kitu zaidi ya vumbi jekundu kwenye kava. Mvua za Desemba zikianza, zulia linalowa, swichi za vioo zinaota kutu na koni ya karatasi inalegea. Nailoni haichanwi. Inabanduliwa polepole kwa kisu kinachokata gundi yenyewe, na gundi ile ile inashika tena ukiipasha kidogo. Ikiwa imeshachanika, kata mpya kwa nailoni nzito ya ujenzi na uigandishe kwa butili, yaani mpira laini unaonata. Juu ya sumaku weka kofia ya maji, hata ya plastiki ya dumu iliyokatwa nusu duara, wazi upande wa chini.

Nyaya sasa. Toyota nyingi za Kijapani zinafuata mpangilio mmoja: mbele kushoto, pinki ni chanya na zambarau ni hasi, mbele kulia, kijani mpauko ni chanya na bluu ni hasi, nyuma kushoto, nyeusi ni chanya na njano ni hasi, nyuma kulia, nyekundu ni chanya na nyeupe ni hasi. Anayekwambia nyeusi ni ethi kwa sababu ni nyeusi, mwambie aweke koleo chini. Na hasi ya spika si ethi. Kwenye redio za leo nyaya zote mbili za spika zina umeme, karibu nusu ya volti za betri kila mmoja; ukigusisha mmoja kwenye bodi ya gari unaweza kuua chipu ya redio papo hapo.

Kama rangi zimeshachezewa, tenga spika na redio, kisha gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye nyaya zake kwa sekunde moja. Koni ikiruka mbele, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika. Spika moja ikifungwa kinyume na mwenzake, sauti inakuwepo lakini besi inapotea katikati ya gari, na watu huishia kununua sabufa kutibu waya uliogeuzwa. Kosa jingine ni kuunga spika mbili za omu 4 sambamba kwenye waya mmoja ili kuongeza muziki. Redio inaona omu 2, inachemka, inazima yenyewe ukiwa njiani kwenda Kondoa.

Tukija kwenye bati, hapa ndipo hela inalipa. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta hewa ile ile. Mlango wenye matundu makubwa unaziacha hewa hizo mbili zikutane, na zikikutana zinafutana. Besi inakufa kabla haijakufikia. Kwa hiyo, kwanza, ringi ikae juu ya kamba ya sponji au butili, pasiwe na upenyo hata wa kuingiza karatasi. Pili, nyuma ya spika, kwenye bati la nje, bandika shiti ya butili yenye foili, unene wa milimita 2, kipande cha kama sentimita 40 kwa 60. Si lazima kufunika bati lote; robo yake iliyobandikwa katikati ya sehemu inayotetemeka inatosha kulinyamazisha. Tatu, funika matundu makubwa ya bati la ndani, kwa kipande cha alumini kilichofungwa kwa skrubu ili siku ya kutengeneza dirisha kifunguke. Usizibe matundu ya maji ya chini, na usibandike kitu kwenye njia ya kioo au fimbo za loki. Kwa milango miwili ya mbele mita moja ya mraba inatosha kuanzia, mbili ni raha. Bati lisafishwe kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha shiti ikandamizwe kwa rola mpaka vinundu vya foili vilale.

Utakutana na wanaotumia tepu ya lami ya kuzibia mapaa, kwa sababu ni rahisi. Kwenye joto la Oktoba inalainika, inateleza, na gari linanuka kama barabara mpya. Kuibandua baadaye ni adhabu.

Kipimo ni kugonga bati la nje kwa kifundo cha kidole. Kabla linalia kama debe, baadaye linajibu kama ubao wa mlango wa nyumba. Koaksio ya kawaida kwenye mlango wa namna hiyo inaipita komponenti iliyofungwa kwenye mlango mtupu, na haiachi nafasi ya ubishi.

Ukiamua komponenti hata hivyo, uwe na amplifaya ya chaneli nne yenye wati 50 halisi kwa kila chaneli. Itahitaji waya wa shaba wa milimita za mraba 10 na fyuzi ya ampea 30 isiyozidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kwangua waya kwa kisu kabla ya kununua. Ukiona rangi ya fedha chini ya shaba, ni alumini iliyopakwa. Twita ikae kwenye pembetatu ya kioo cha pembeni au kwenye nguzo, ikielekea kati ya viti viwili. Isiwahi kufungwa bila kiboksi au kapasita: kapasita ya mikrofaradi 4.7 kwa twita ya omu 4 inaanza kupitisha sauti kuanzia kama Hz 8,500, bila hiyo besi inaichoma.

Ukishafunga, ingia kwenye menyu ya redio: HPF, kichujio kinachozuia besi nzito isifike kwenye spika, weka Hz 80, au 100 kama unapenda sauti kubwa, na loudness, inayokuza besi, izime. Panda volyumu mpaka sauti ianze kuwa na makwaruzo, rudi hatua tatu, hapo ndipo mwisho wako. Kwa kujaribu, ngoma za muheme za Wagogo zinaonyesha upesi kama mlango umezibwa. Ilimba, ala yao ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole, usiitumie kutafuta mtetemo, kwani uvumi wake unatoka kwenye utando wa buibui uliobandikwa juu ya ala yenyewe, na utafungua mlango mara mbili kutafuta klipu ambayo haijalegea.

Kazi ya milango miwili na butili ni nusu siku. Anayekukabidhi gari baada ya dakika arobaini, mwombe alifungue kava uione nailoni. Milango ya nyuma haina haraka: iache na spika zake za kiwandani na uvute sauti hatua mbili mbele, isipokuwa kama ni Noah inayobeba watu, hapo weka koaksio za omu 4 zile zile.