Mafuta ya "mwarobaini" yaliyoniunguza viwiko

Nikikumbuka tu, mkono unaanza kuwasha upya.

Nina pumu ya ngozi tangu utotoni. Baridi ya Arusha ikianza, mikunjo ya viwiko inawiva, inapasuka, najikuna usiku mpaka shuka linapata madoa. Ndiyo nikaingia duka moja la mafuta asilia hapa mjini, mwezi wa sita au wa saba hivi. Nikapewa kichupa, kimeandikwa mwarobaini na nazi. Mwarobaini naujua mimi, una harufu nzito kama kitunguu saumu kilicholala. Hiki kilinuka kama kwa daktari wa meno. Karafuu tupu! Na mimi na ujinga wangu nikapaka.

Hata dakika tano hazikufika, mkono unawaka kama nimekatia pilipili. Naosha kwa maji, mafuta hayatoki. Asubuhi, malengelenge.

Nikarudi na kichupa changu. Yule kijana hata macho hakuyatoa kwenye simu: "Anti, ikichoma ujue inatoa sumu. Vumilia siku saba." Nikamwonyesha kiwiko. Akacheka. Jamani, akacheka! Kisha akamgeukia mwenzake: "Watoto wa geti kali hawa."

Sumu gani? Mafuta ya karafuu yana yujinoli, kitu kikali. Hata ngozi nzima hupakwa tone moja moja lililozimuliwa kwenye mafuta mengine mengi, sembuse yangu iliyochanika! Hela sikurudishiwa, na pole sikupewa. Pole tu, bei gani?

Msiende pale. Yaani... ngoja, nisije nikasema uongo kwa hasira. Siku ileile nilichukua pia chupa ya mafuta ya nazi, hapohapo. Usiku yaliganda meupe pee kama mshumaa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana ya nazi huganda baridi ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Malengelenge yalipopona nikawa nayachota kwa kidole, nayayeyusha viganjani, napaka nikitoka kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu. Kuwasha kumepungua sana, na usiku nalala. Pumu haijaondoka, asikudanganye mtu.

Sasa chupa imebaki kidogo chini. Juzi nimepita nje ya lile duka, nikamwona kijana wangu kaunta na simu yake, nikanyoosha njia. Nitamtuma mdogo wangu.