Keria hii imepita salama kando ya breki ya diski

Kwa miezi minne sasa naendesha na keria ya nyuma iliyotengenezwa kwa ajili ya baiskeli za breki za diski, na nataka kuisema vizuri, kwa sababu iliyotangulia nusura iniangushe.

Keria ya kwanza ilikuwa ya kawaida, yenye miguu iliyonyooka. Kwenye fremu yangu kalipa ya breki, yaani kifaa kinachobana diski, imekaa upande wa kushoto, nje ya chuma kinachoshuka kutoka kwenye kiti, palepale mguu wa keria unapotaka kupita. Nikafanya wanavyofanya wengi: nikapanga washa (vile vipete bapa vya chuma vya kuvalisha bolti) moja juu ya nyingine hadi nikapata nafasi ya milimita 20, nikatia bolti ndefu ya M5. Kwa macho ilikaa. Lakini bolti nyembamba ya milimita 5 ikibeba mzigo mbali na fremu hupindwa kila gurudumu likigonga shimo. Wiki ya tatu ilikatika, kipande kikabaki ndani ya tundu, na kukitoa bila kuharibu hesi, ile mikunjo ya ndani inayoshika bolti, kulinichukua siku nzima.

Hii ya sasa haina rundo la washa. Chini ya kila mguu kuna kitako kimoja kizima cha alumini, kipana, kinachousukuma mguu nje ya kalipa. Kinalala bapa kwenye fremu, kwa hiyo hakichezi. Imeandikwa kubeba kilo 25. Mimi nimeipakia hadi 18, sehemu kubwa ikiwa vitabu, na sijasikia mlio.

Breki yangu ni ya waya, na hapa naomba mnisikilize. Ukiivuta, mkono wa kalipa unasogea. Usipime nafasi breki ikiwa imeachiwa. Bana breki hadi mwisho, kisha angalia nyuma. Ile keria ya zamani ilikuwa inauzuia mkono huo kabla haujafika mwisho, na mimi nikidhani pedi zimekwisha! Kwenye hii mpya mkono unapita na kubakiza kama milimita 6.

Upande wa mnyororo bolti iliyokuja nayo ilikuwa ndefu kupita kiasi. Ncha yake ilitokeza ndani, na nilipoingiza gia ya nyuma yenye meno machache kabisa, ile ya nje, mnyororo ukaanza kuikwaruza. Nikaikata kwa msumeno, nikalainisha hesi kwa tupa. Mtengenezaji angeweza kutia bolti mbili za urefu tofauti. Ni kitu kidogo mno kumwachia mnunuzi.

Vile vyuma bapa vya juu vinavyoshika fremu chini ya kiti vinapindika kwa mkono na vinatosha. Funga bolti zote nusunusu kwanza, sawazisha keria, ndipo ukaze. Ukianza kwa kukaza za chini, za juu hazitafika kwenye matundu yake. Nilipaka gundi ya kuzuia bolti kulegea, na bado nazikagua kila Jumapili.

Vitako vipana vimeifanya mifuko ya pembeni ikae nje zaidi, na kwenye njia nyembamba naliona hilo. Kisigino hakigusi mfuko, maana keria imerudishwa nyuma vya kutosha, nami navaa kiatu kikubwa.

Linaloniudhi kweli ni kwamba kitako cha kushoto kimefunika bolti moja ya kalipa. Pedi zikianza kusugua diski siwezi kuinyoosha kalipa mpaka nifungue mguu wa keria. Kwa hiyo siku hizi ufunguo wa milimita 4 wa bolti za keria na ule wa milimita 5 wa kalipa nimevifunga pamoja kwa mpira, vinakaa ndani ya mfuko wa kulia.