Milioni 1.7 kwa nyaya tatu za mlango wa nyuma

Gia ya gari langu iligoma kutoka P, ile ya kuegesha, nikiwa nje ya soko la Mwenge, Dar, mvua inanyesha, samaki wako kwenye buti. Nakanyaga breki, navuta, wapi! Dereva wa bajaji ndiye aliyeniambia, "Dada, taa zako za breki haziwaki hata moja." Akachokonoa kitundu kidogo pembeni ya gia kwa ufunguo, P ikaachia. Kesho yake trafiki pale Morocco akaniandikia 30,000.

Nikalipeleka kwa wakala aliyeniuzia likiwa jipya kabisa. Mapokezi safi, kahawa, kiyoyozi. Kupima kwa kompyuta 80,000. Baada ya saa tatu nikaletewa karatasi: seti nzima ya nyaya za mlango wa nyuma, iagizwe nje, wiki sita, Sh 1,722,800 pamoja na VAT. Waranti ilikuwa miaka mitatu au kilomita 100,000, kinachotangulia. Mimi nina kilomita 41,000, ila miaka mitatu imepita kwa miezi minne. Hapo ningemeza tu. Kilichoniuma ni kijana wa mapokezi kuniambia, kwa upole kabisa, "Hizi zinakuja nyingi, dada, modeli hii ndiyo ugonjwa wake." Kumbe mnaujua! Gari limekuja kwenu sevisi mara sita, hakuna aliyechungulia.

Nikaenda Ilala kwa fundi umeme, mzee anayefanyia kazi chini ya mwarobaini. Kompyuta hana. Aliuchezesha mlango wa nyuma juu chini, taa yake ya kupimia ikiwaka na kuzima mkononi, kisha akachomoa ule mpira mweusi unaounganisha bodi na mlango. Ndani, nyaya mbili zimekatika. Wa tatu umechunika, shaba iko nje, inagusa bati. Huo ndio wa taa ya breki ya juu. Kila waya huo ukigusa bati, fyuzi ya ampea 15 inaungua, taa zote za breki zinaondoka nayo, na gia haipati habari kwamba umekanyaga breki. Akanipa kipande nikishike: plastiki imekauka kama tambi, inavunjika kwa kucha.

Aliunga nyaya mpya laini, ndefu kidogo zisivutike mlango ukifunguliwa, tena kwa kuchomelea risasi, si kwa kusokota. 65,000, vifaa humo humo. Risiti hakuna, na nilikalia ndoo saa nne. Halafu kijana wake alikuwa ameshachomeka fyuzi ya 30, eti "isiungue tena." Mzee akamfokea: "Unataka waya ndio uungue?" Asingekuwepo, ningeondoka na moto garini. Ukienda, soma mwenyewe namba iliyoandikwa kwenye fyuzi kabla hujalipa.

Wakala nampa nyota mbili, moja ni ya kahawa. Mzee nne. Huu ni mwezi wa tano tangu aziunge, taa zinawaka, na gia inatoka P bila ufunguo wa mtu. Waipa ya nyuma ndiyo imeanza kusitasita juzi. Bado sijaipeleka kokote.