Vifaa vya bei nafuu kwa mzazi asiyeona vizuri: uanze kununua kipi?

Mama yangu alipopungukiwa na uwezo wa kuona kwa sababu ya presha ya macho, nilikimbilia vitu vinavyoongea: saa, mizani, chochote chenye spika. Vingi viko kabatini mpaka leo. Kilichomrudisha jikoni kwake ni vipira vya kubandika, vile vidogo vinavyowekwa kwenye milango ya kabati ili isigonge. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja: mwenye nyumba atakigusa kifaa hicho mara ngapi kwa siku.

Kabla ya kutoa pesa, macho yapimwe hospitali. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na wengi huona tena. Kumnunulia mzee lenzi wakati shida yake ni hiyo ni kumchelewesha. Presha ya macho ni jambo jingine. Kilichopotea hakirudi, ila dawa husaidia kulinda kilichobaki.

1. Alama za kugusa

Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua hivi. Vipira vina gundi nyuma na huuzwa vikiwa vimepangwa kwenye karatasi, madukani wanakouza bawaba na vitasa. Ukivikosa, chukua rangi ya kucha. Kichupa cha shilingi 1,000 kilitutosha nyumba nzima. Dondosha tone, liache likauke, ongeza jingine juu yake, mara tatu au nne mpaka kidole kikikwaa.

Jiko letu la gesi lina alama mbili kwa kila swichi: moja kwenye ncha ya swichi yenyewe, nyingine kwenye bati, pale ncha inapoelekea ikiwa imezimwa. Mama hupitisha kidole gumba. Alama zikikutana, gesi imefungwa, na hana haja ya kumwita mtu aje kumwangalizia. Bandika upande wa mbele, mbali na moto, maana plastiki huyeyuka. Rimoti iwekee alama moja tu, kwenye kitufe cha kuwashia. Ukijaza alama kila mahali kidole hakisomi kitu.

Kwa dawa tunatumia raba bendi. Ya mara moja kwa siku imevishwa moja, ya mara mbili imevishwa mbili. Mafuta ya taa yasikae kabisa kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kama umeiwekea alama.

2. Chupa ya chai ya kubonyeza

Hiki sijakiona kikitajwa kama kifaa cha asiyeona, na ndicho kilichomaliza vidonda vya maji ya moto kwetu. Chupa ya kumimina inataka jicho. Ya kubonyeza inataka hesabu: kikombe cha Mama kinajaa kwa mibonyezo minne. Weka kikombe ndani ya sinia lenye ukingo, chupa ikae palepale kila siku, na hesabu upya kila ukibadilisha kikombe. Ukinunua, jaza maji dukani uone kama kila mbonyezo unatoa kiasi kilekile, na kama kizuizi cha juu kinafungika vizuri.

3. Vyombo vya rangi inayopingana, na taa

Hii ni kwa anayeona kidogo. Wali mweupe kwenye sahani nyeupe haupo; uhamishie kwenye sahani ya bluu iliyokoza uone anavyokula bila kupapasa. Chai ya maziwa iende kwenye kikombe cheusi, ya rangi kwenye cheupe. Taa ya mezani yenye shingo ya kupinda inafaa kuliko balbu kali ya darini: imulike kazi iliyo mkononi, isimchome machoni.

4. Saa inayosema

Nyingi sokoni husema Kiingereza, na shida kubwa si lugha bali hesabu. Saa tisa alasiri inakutangazia «three p.m.» Tulipotafuta dawa yake tukaipata: irudishe saa nyuma kwa saa sita. Alasiri ileile itasema «nine a.m.», yaani tisa, na tangu hapo «a.m.» maana yake ni mchana, «p.m.» ni usiku. Kengele ya kuamsha nayo ipange kwa hesabu hiyohiyo. Anayejua namba za Kiingereza mpaka kumi na mbili hahitaji zaidi.

Kama simu janja ipo tayari nyumbani, usinunue saa kwanza. Android nyingi zina TalkBack, kisomaji cha skrini kisicholipiwa, na Google wana sauti ya Kiswahili. Mafunzo yake yanataka subira ya wiki kadhaa. Wakati wa namba ya siri avae spika za masikioni, jirani asisikie. Kitochi nacho kina faida yake: namba 5 ina kinundu, vidole vinaanzia hapo.

5. Lenzi ya mkononi

Nimeishusha chini kwa sababu watu huinunua bila kujaribu. Lenzi yenye nguvu zaidi kwa kawaida huwa ndogo zaidi na hutaka kusogezwa karibu zaidi. Ya mara tatu hukaa sentimita 8 hivi kutoka kwenye karatasi. Kwa asiyeona vizuri katikati ya anachokitazama inaweza kumrudishia gazeti. Kwa presha ya macho iliyoacha tundu dogo la kuonea, kukuza herufi kunaweza kumpunguzia maneno anayoyaona kwa mara moja. Mama alisoma afadhali bila hiyo, chini ya taa.

6. Kengele ya kikombe

Huning'inizwa ukingoni na hulia maji yakifika. Inafanya kazi, lakini inakula betri, na chupa ya kubonyeza imeshaifanya kazi hiyo.

Saa nyingine tuliinunua mwaka jana, safari hii naye akiwepo. Alikaa kwenye stuli ya muuzaji, akarudisha tatu moja baada ya nyingine. Vitufe vyake vilikuwa bapa, vyote vimelingana. Ya nne alikipata kitufe kabla hajaonyeshwa, akakibonyeza, akainyamazisha, akaniambia, «Lipa hii, mwanangu.»